Kutoka BMP hadi JPEG: Historia Fupi ya Mandhari ya Eneokazi na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Kiswahili

Utangulizi

Kitu cha kwanza anachokiona mtu anapowasha kompyuta ni picha iliyotandazwa nyuma ya aikoni. Watafsiri wa programu huiita mandhari ya eneokazi. Walimu wengi huichukulia kuwa ni pambo tu. Makala haya yanaeleza kwa ufupi jinsi picha hiyo ilivyohama kutoka umbizo moja hadi jingine tangu mwaka 1990, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwalimu wa lugha, hasa anayefundisha Mbarara au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Nakivale, Mbarara na neno "picha"

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na ikatangazwa rasmi kuwa makazi mwaka 1960. Imo katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbarara mwaka 2005, na imegawanywa katika kanda tatu: Base Camp, Juru na Rubondo. Kwa miaka ya karibuni imehifadhi zaidi ya watu 100,000, wengi wao wakiwa Wakongomani, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni na katika foleni ya maji.

Tazama neno moja tu. Mkongomani kutoka Kivu husema "foto", neno alilolipata kutoka Kifaransa. Mrundi na Mnyarwanda husema "ifoto". Mnyankore wa Mbarara ana "ekishushani". Msomali husema "sawir", neno la asili ya Kiarabu lililo ndugu wa "sura" na "taswira" zetu. Mwalimu anapoandika "picha" ubaoni, wote humwelewa. Shida huanza anapofika kwenye kitenzi: je, picha inabadilishwa, inageuzwa, au inabanwa? Historia ndiyo itakayotusaidia kujibu.

Enzi ya BMP

Windows 3.0, iliyotoka mwaka 1990, ilimwezesha mtumiaji kutandaza picha kwenye eneokazi, lakini kwa umbizo la BMP. BMP kwa kawaida huandika rangi ya kila nukta bila kubana chochote, mara nyingi baiti 3 kwa nukta moja. Hesabu ni rahisi: picha ya nukta 800 kwa 600 huchukua baiti 1,440,000 na ushei. Flopi ya kawaida ya siku hizo ilibeba kiasi hicho kwa taabu, ikabaki nafasi ndogo tu. Picha ya nukta 1,024 kwa 768 huhitaji baiti 2,359,296. Hiyo haikuingia kabisa.

Wakati huohuo maumbizo mengine yalikuwa yakizaliwa. Kampuni ya CompuServe ilitoa GIF mwaka 1987. GIF hubana vizuri, lakini hubeba rangi 256 tu, hivyo uso wa mtu huweza kutoka na madoa. Kiwango cha JPEG kilikamilishwa mwaka 1992 kwa ajili ya picha za kamera. Mwishoni mwa mwaka 1994 ulizuka mzozo wa hataza juu ya mbinu ya kubana iliyotumika katika GIF. Mzozo huo ndio uliosukuma kubuniwa kwa PNG mwaka 1995, na PNG ikaidhinishwa mwezi Oktoba 1996.

Hivyo ikatokea hali ya ajabu. Picha zilisafiri mtandaoni kwa JPEG na GIF, ilhali eneokazi lilidai BMP. Mtumiaji wa Windows 95 aliyetaka picha ya JPEG iwe mandhari alilazimika kuigeuza kwanza kwa programu nyingine. Windows 98 ililegeza sharti hilo kwa wale waliowasha eneokazi la mtindo wa wavuti. Windows XP ya mwaka 2001 ilifanya kazi hiyo kimyakimya: ukichagua JPEG, yenyewe ilitengeneza nakala ya BMP na kuificha ndani ya mafaili ya mtumiaji. Hata ile picha mashuhuri ya kilima cha kijani na anga la bluu, iliyopigwa na Charles O'Rear huko California mwaka 1996, ilihifadhiwa ndani ya XP kama BMP. Windows Vista ndiyo iliyoanza kupokea JPEG moja kwa moja. Kuanzia Windows 7 ya mwaka 2009 mambo yamepinduka: mfumo hujitengenezea nakala ya JPEG.

Kugeuza si kurudisha

Hapa ndipo penye uzito wa somo. BMP na PNG hazipotezi kitu. JPEG hubana kwa kutupa baadhi ya taarifa ambazo jicho halizioni upesi. Kila picha ya JPEG inapofunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa upya kwa JPEG, huweza kupungua tena. Ukiigeuza iwe BMP, faili litanenepa, lakini kilichotupwa hakirudi. Vilevile, kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili hakubadilishi umbizo. Ni sawa na kumvisha mbuzi kengele ya ng'ombe.

Kwa mtu aliyekimbia vita, jambo hili si dogo. Huenda picha aliyotoka nayo nyumbani ndiyo pekee inayoonyesha wazazi wake. Akiipeleka mjini Mbarara ikaingizwa kwenye kompyuta, kisha ikapunguzwa ili itoshee kioo, ikatumwa kwa WhatsApp ambayo kwa kawaida huipunguza tena, na hatimaye karatasi yenyewe ikaharibiwa na mvua, kitakachobaki ni ile nakala iliyo duni kuliko zote. Mandhari ya eneokazi ni nakala ya kutazama. Haifai kuwa hifadhi.

Suala la istilahi

Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, Kiswahili kimekuwa na istilahi za kompyuta zinazotosha kufundishia: faili, hifadhi, eneokazi, umbizo. Kinachohitaji uangalifu ni vitenzi. Mwandishi anapendekeza tofauti zifuatazo darasani:

1. Kubadilisha jina: kugusa jina la faili tu.
2. Kugeuza umbizo: kuandika upya picha ileile kwa utaratibu mwingine.
3. Kubana bila kupoteza: kama PNG inavyofanya.
4. Kubana kwa kupoteza: kama JPEG inavyofanya.
5. Kupunguza vipimo: kuondoa nukta ili picha itoshee kioo.

Mwanafunzi anayesema "nimebadilisha picha" kwa mambo yote matano hajajua alichokifanya, na hatajua alichokipoteza.

Hitimisho

Walimu wenzetu wanaweza kulifanya hili kuwa zoezi la dakika 40. Kila mwanafunzi achague picha moja, aihifadhi nakala ya asili katika folda yake bila kuigusa, kisha atengeneze nakala nyingine kwa ajili ya eneokazi na aandike kwa Kiswahili hatua alizopitia, akitumia vitenzi vilivyotajwa. Wakongomani waandike "foto" wakipenda, mradi vitenzi viwe sahihi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa; katika kazi ya picha, asili ni lile faili la kwanza, na mwenye kulitunza anaweza kutengeneza nakala nyingine wakati wowote.