Nyumba ya Karen, Nyumba za Kibra

Mwaka 1912 Mswidi Åke Sjögren alijenga nyumba ya mawe karibu na vilima vya Ngong. Kilomita chache kuelekea mjini Nairobi, katika msitu ambao Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan, waliuita Kibra, askari wao wastaafu wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles walikuwa tayari wanajijengea za udongo. Ile ya mawe leo ni makumbusho. Za udongo bado zinahofia tingatinga.

Karen Blixen wa Denmark na mumewe Bror walihamia nyumba ya Sjögren mwaka 1917. Shamba lao lilikuwa na ekari zipatazo 4,500, na 600 kati ya hizo zilikuwa za kahawa. Lakini eneo hilo liko juu mno, kahawa haikukubali, na 1931 mama huyo akafungasha akarudi kwao. Shamba likakatwa viwanja. Nyumba nayo ingesahaulika, ila Denmark iliinunua na kuizawadia Kenya kwa ajili ya uhuru, na chuo cha lishe kikafunguliwa hapo. Mwaka 1985 ikatoka filamu ya Out of Africa, inayosimulia maisha ya Blixen shambani hapo, wageni wakaanza kuiulizia nyumba. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kwa maoni yangu, Hollywood iliilinda nyumba hiyo kuliko sheria yoyote.

Sasa tazama Kibra. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga huko hifadhi ya kijeshi ya ekari 4,197. Ukubwa wake haukupishana sana na ule wa shamba la Blixen. Askari walipewa vibali vya shamba, si hati miliki, na baadaye wakaambiwa wanaishi hapo kwa hisani tu ya serikali. Mji ukapanuka, ardhi ikamegwa kidogo kidogo, mitaa kama Jamhuri, Otiende na Ngei ikaota juu yake. Wapangaji kutoka kila kona ya nchi wakaijaza iliyobaki. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya imewakosea Wanubi. Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya jumuiya: ekari 288. Mwaka mmoja baadaye, Julai, matingatinga yakapasua Kibera, kama Kibra inavyoitwa leo, kupisha barabara, na maelfu wakalala nje.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inaruhusu jengo lenye thamani ya kihistoria kutangazwa urithi wa taifa, na sijaona mahali inaposema lazima liwe la mawe. Ukipita Makina, mtaa wa Kibera, bado utakuta nyumba za Wanubi zenye baraza na paa la mabati yaliyoshika kutu. Kuta husiribwa upya mvua zikishazila, kwa hiyo umri wa nyumba huwezi kuujua kwa kuutazama ukuta. Uliza ilijengwa na babu ya nani, na babu huyo alirudi kutoka vita gani.