Papa Wetu wa Besi

Katika daftari la kumbukumbu za kwaya, mwaka wa 2020 haukujaza hata ukurasa mmoja. Makanisa yalifungwa Machi kwa sababu ya korona, kafyu ikaja, na mazishini wakaruhusiwa watu 15 tu. Kwetu Kakamega, ambako kwaya hukesha matangani mpaka kuche, hilo lilikuwa jambo geni.

Juni mwaka huo kisukari kilituchukulia Papa.

Jina hilo tulimpa kwa sababu ya Papa Shirandula wa runinga ya Citizen, yule soja aliyetoka nyumbani na suti na tai, akabadilisha kazini, huku mkewe Wilbroda akidhani mumewe ni mtu wa ofisi. Wetu alifanya kinyume. Usiku alilinda duka mjini, na Jumapili alikuja kanisani na sare ya kazi, suti ameikunja ndani ya mfuko. Ukimwita Papa alijibu kwa sauti nene, "Meneja yuko mkutanoni." Mwalimu wa kwaya alishindwa kututolea sauti kwa kucheka.

Jumapili moja alisinzia wakati wa maombi. Aliposikia "Amina" akaamka na kuanzisha wimbo wa sadaka, ambayo ilikuwa imeshatolewa. Kwaya ikamfuata, tungefanyaje? Watu wakatoa tena. Mweka hazina hakulalamika.

Siku ya kumzika hatukuimba. Wanne wetu walisimama barabarani na barakoa, wakarudi.

Tarehe 18 Julai tukasikia kwamba Charles Bukeko, Papa Shirandula mwenyewe, amefariki Nairobi. Alizikwa siku mbili baadaye kwao Nambale, Busia. Wengi wetu hatukuwahi kuonana naye, lakini siku hiyo watu wazima walilia kama watoto. Tulimlilia Bukeko, ndiyo, ila kila mmoja alijua ni nani mwingine tunayemlilia. Huenda ndipo tulipomzika besi wetu.

Desemba 2021, kafyu ikiwa imeondolewa, tulifika kwake tukiwa na sare kamili, tukaimba kando ya kaburi. Mama akauliza, "Na ule wa sadaka?" Tukauimba. Akaingia ndani, akatoka na kuku aliyefungwa miguu, akasema sadaka ya pili ndiyo hiyo.

Mweka hazina akampokea.