Skeli Isiyo ya Do-re-mi: Kutafuta Jina la Urefu wa Uzi wa Besi

Mara ya kwanza nilipotumwa dukani kununua nyuzi za besi ya kwaya, nilirudi na nyuzi zisizofika. Ule mnene kuliko wote, uzi wa Mi, nilipouchomeka kwenye daraja na kuuvuta kuelekea kichwani, sehemu yake nyembamba ya kuzungushia kwenye funguo ililala juu ya freti za mwanzo, na ncha haikuufikia hata ufunguo wenyewe. Mwalimu wa kwaya akachukua boksi, akalisoma, akaguna.

“Kijana, umeleta za skeli fupi.”

“Mwalimu, sisi si tunapiga skeli zote?”

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kwangu skeli ilikuwa do, re, mi, ile ngazi ya sauti tuliyoimbishwa kila Jumamosi kabla ya kufungua kitabu cha nyimbo. Sikujua kwamba neno hilohilo, likiandikwa kwenye boksi la nyuzi au kwenye maelezo ya gitaa, ni kipimo cha urefu. Anayelinganisha besi mbili ili achague moja hukutana nacho mapema kuliko vipimo vingine vyote, na ndicho Kiswahili chetu hakijakipa jina lililotulia.

Tuanze na kitu chenyewe. Uzi wa gitaa umeshikwa mahali pawili: juu, kwenye nati, kile kipande chenye mifereji mwanzoni mwa shingo, na chini, kwenye daraja lililofungwa mwilini. Kinacholia ni kile kipande kilicho kati ya nati na daraja. Kinachobaki nyuma ya daraja, au kinachozungushwa kwenye funguo, kipo kwa ajili ya kushika tu. Urefu wa kipande hicho kinacholia, uzi ukiwa haujabonyezwa popote, ndio unaoitwa skeli.

Kwa nini skeli? Asili ya neno ni Kilatini, na maana yake ni ngazi. Ukisimamisha gitaa ukutani utaiona: freti ni vipago, na mkono wa kushoto hupanda na kushuka juu yake. Ni ngazi ya ajabu kidogo, kwa kuwa vipago vyake hukaribiana kadiri unavyousogelea mwili. Kila freti hukata karibu sehemu moja ya 18 ya urefu uliobaki, na ukifika freti ya 12 umefika katikati kabisa ya uzi. Hapo sauti inakuwa ileile ya uzi mtupu, oktava moja juu yake. Kwa hiyo ngazi ya do-re-mi na ngazi ya freti ni ndugu wa baba mmoja. Tatizo ni kwamba wameitwa jina moja, na ukimwita mmoja wanaitika wote wawili.

Sasa tuone kwa nini kipimo hiki kina maana zaidi kwa besi kuliko kwa gitaa la solo. Sauti ya uzi huamuliwa na mambo matatu: urefu wake, uzito wake na mkazo wake. Uzi mrefu, mzito na uliolegea hutetema polepole. Mfupi, mwepesi na uliokazwa hutetema upesi. Hapa Kiswahili kimelenga vizuri. Sisi husema sauti nzito na sauti nyembamba. Sauti ya chini kwetu ni ya kunong'ona. Shika uzi wa Mi wa besi kwa mkono mmoja na uzi mwembamba wa solo kwa mkono mwingine, utaona kwamba uzito huo si wa methali. Ni wa mizani.

Nyuzi nne za besi ya kawaida ni Mi, La, Re na Sol. Mi yake hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na Mi nzito ya gitaa la kawaida hutetema mara 82. Gitaa la umeme la Fender kwa kawaida lina uzi unaolia wa inchi 25.5. Kama fundi angetaka kuishusha sauti hiyo oktava nzima kwa urefu peke yake, angehitaji uzi wa inchi 51, na mpigaji angehitaji mikono ya twiga. Mwenye kiwanda hicho, Leo Fender, alipotoa besi yake ya Precision huko California mwaka 1951, alichukua inchi 34: ameongeza theluthi moja ya urefu, na kazi iliyobaki akaiachia unene wa uzi. Wanaopimiwa kitambaa kwa wari watauelewa urefu huo upesi: ni wari moja kasoro inchi mbili. Kontrabasi, lile fidla kubwa la kusimama ambalo bado linasikika katika taarabu ya Zanzibar, lina uzi unaozidi mita moja. Kwa hiyo inchi 34 zilikuwa mapatano kati ya jitu hilo na gitaa la kupakatwa.

Mapatano hayo hayakukubaliwa na kila kiwanda. Gibson walitoa besi yao mwaka 1953 yenye inchi 30.5. Höfner wa Ujerumani wakaja na ile yenye umbo la fidla, inchi 30, ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961. Rickenbacker wakasimama katikati, inchi 33 na robo. Leo sokoni inchi 30 huitwa fupi, 32 ya kati, 34 ndefu, na 35 au zaidi ndefu sana.

Tofauti ya inchi 4 kati ya fupi na ndefu inaonekana ndogo, lakini chukua uzi uleule, utie sauti ileile kwenye besi zote mbili. Mkazo hupungua kwa mraba wa urefu, kwa hiyo kwenye inchi 30 uzi utakuwa umelegea kwa karibu asilimia 22. Vidole hufurahi. Freti nazo zimekaribiana: kutoka nati hadi freti ya kwanza ni milimita 43 kwenye besi fupi, na 48 kwenye ndefu. Mwenye viganja vidogo, au mtoto wa miaka 11 anayeanza kwaya, atafika pasipofikika.

Faida hiyo ina gharama yake. Uzi uliolegea hupepesuka, ukigongwa kwa nguvu hugusa freti na kukwaruza. Sauti yake ni ya mviringo, laini, yenye kishindo cha mto uliojaa; haina sana ule mlio wa chuma unaopenya katikati ya ngoma na tarumbeta. Besi ndefu hukaza uzi, na kila noti husimama peke yake, ina mwanzo na mwisho. Ndiyo maana besi za nyuzi tano, ambazo huongeza Si nzito ya mitetemo 31 tu kwa sekunde, mara nyingi hupewa inchi 35: inchi moja hiyo huongeza mkazo kwa karibu asilimia 6, na uzi ambao ungelegea kama kamba ya kuanikia nguo hupata uthabiti kidogo. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Ila hakuna anayeweza kuchagua kati ya vitu viwili ambavyo hana majina yake.

Majina hayo hatunayo kwa sababu ninayoiona katika historia ya bendi zetu. Lugha ya kupiga tunayo tele: besi hukung'utwa, gitaa hucharazwa, solo huungurumishwa, nyuzi huvutwa mpaka zikalia. Msikilizaji wa “Sina Makosa” ya bendi ya Les Wanyika anaweza kukuimbia kwa mdomo besi ya Tom Malanga, mwanzo hadi mwisho. Lakini lugha ya kununua ni haba, kwa kuwa aliyepiga hakuwa aliyenunua. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho bendi yake. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji alikuta besi imeegemezwa ukutani, akaipiga hiyohiyo. Hakuulizwa anataka inchi ngapi. Leo kijana anakusanya fedha zake mwenyewe, anaingia dukani au anaagiza mtumba, na kila kipimo kinakuwa uamuzi wake.

Basi kipimo hiki tukipe jina gani? Kuacha skeli kama lilivyo ni rahisi, lakini nimeshaeleza lilivyonipeleka dukani vibaya. Walimu wa muziki wameshalikalia, na wachoraji ramani pia wana lao. Mizani ni kosa la kamusi tu, la mtu aliyetafsiri neno bila kukiona kitu. Kipimo ni pana mno: kipimo cha nini? Ngazi lina uzuri wa asili, ila linaturudisha kwenye do-re-mi. Urefu wa gitaa ni uongo, maana besi ya inchi 34 ukiipima kutoka kichwani hadi kitakoni inafika inchi 46 hivi. Urefu wa mlio unavutia, mpaka mtu adhani unazungumzia muda ambao sauti hudumu kabla ya kufifia.

Kinachobaki ni kueleza kitu kama kilivyo: urefu wa uzi unaolia. Hilo ndilo jina kamili, la kwenye vitabu na maelezo ya bidhaa. Kwa mazungumzo, Kiswahili hufupisha bila kuombwa: besi ya uzi mfupi, besi ya uzi mrefu, uzi wa kati. Faida ya jina hili ni kwamba linakuonyesha pa kupima. Nenda dukani na tepu ya fundi cherehani. Pima kutoka nati hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Usipime moja kwa moja hadi darajani, kwa sababu vitako vya nyuzi pale husogezwa mbele na nyuma, kila kimoja kwa uzi wake, ili sauti isipotoke ukibonyeza freti za juu. Ukipata inchi 17 hadi freti ya 12, una uzi mrefu. Ukipata 15, una uzi mfupi, na nyuzi za kununua ni za uzi mfupi.

Sifa za jina hili si zangu. Jioni ile, baada ya kumaliza kucheka, mwalimu alikata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika nyuma ya kichwa cha besi, akaandika kwa kalamu ya wino: UZI MREFU, INCHI 34. Hakuwa anatunga istilahi. Alikuwa anamwandikia kijana atakayetumwa dukani baada yangu.