Kabla ya figo, vilikuwa vipande vya ngozi

Historia ya upandikizaji wa viungo husimuliwa kuanzia chumba cha upasuaji: Boston mwaka 1954, kwenye figo ya kwanza iliyodumu, au Cape Town mwaka 1967, moyo ulipopandikizwa na Christiaan Barnard. Sifa hizo ni za haki. Lakini mimi naamini mwanzo wenyewe uko nyuma zaidi, katika makala iliyochapwa mwaka 1943 kwenye jarida la Journal of Anatomy. Waandishi walikuwa wawili: Thomas Gibson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, na Peter Medawar, mtaalamu wa elimu ya wanyama wa Oxford, aliyezaliwa Brazil kwa baba wa asili ya Lebanoni na mama Mwingereza.

Kilichowakutanisha ni moto. Vita vilikuwa vimezijaza wodi za Uingereza majeruhi wa kuungua. Aliyeungua mkono aliweza kutibiwa kwa ngozi ya paja lake mwenyewe, ila aliyeungua karibu mwili mzima hakubakiwa na pa kuchukulia. Ngozi ya mtu mwingine ilishika siku kadhaa, ikapata damu, ikaonekana hai, kisha ikafa na kubanduka. Wapo waliodhani kasoro ni ya ufundi, na kwamba mkono hodari zaidi ungefaulu.

Katika hospitali ya Glasgow Royal Infirmary alilazwa mwanamke aliyeungua vibaya. Gibson na Medawar walimpandikiza vipande vidogo vya ngozi yake na vingine vya kaka yake, kisha kila baada ya siku chache wakakata sampuli na kuitazama kwa darubini. Vyake vilitanda na kupona. Vya kaka yake vilivamiwa na chembechembe nyeupe za damu, vikafa. Ndipo wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi nzima: walipandikiza tena ngozi ya kaka yuleyule. Mara hii iliharibika upesi kuliko ya kwanza. Kama kosa lingekuwa la kidonda au la daktari, awamu ya pili ingechukua muda uleule. Mwili ulikuwa umejua ngozi ni ya nani na kuikumbuka, jinsi unavyokumbuka surua uliyougua utotoni. Medawar alirudi Oxford, akarudia jaribio kwa sungura, akapata jibu lilelile.

Habari hiyo ilikuwa nzito. Adui wa ngozi mpya alikuwa kinga ya mwili, ileile inayotuokoa na maradhi, na nani angethubutu kuizima?

Mwanga ulitokea zizini. Mwaka 1948, huko Stockholm, mtafiti wa ng'ombe alimuuliza Medawar namna ya kutofautisha ndama pacha wanaofanana kabisa na wasiofanana. Alijibu kwamba wabadilishwe ngozi, wasiofanana watakataana. Yeye na Rupert Billingham walipojaribu, karibu wote walipokeana, hata pacha dume na jike! Maelezo yalikuwa katika kazi ya Mmarekani Ray Owen ya mwaka 1945: ndama pacha hushirikiana damu tumboni, hivyo kila mmoja huzaliwa amebeba chembe za mwenzake. Kumbe mwili huweza kumzoea mgeni, mradi akutane naye mapema.

Mwaka 1953, katika jarida la Nature, Medawar, Billingham na Leslie Brent walitangaza kwamba wamelifanya hilo kwa makusudi. Waliwadunga panya wangali tumboni chembe za panya wa ukoo mwingine. Kati ya panya 5 waliozaliwa, 3 waliipokea ngozi ya ukoo huo. (Brent mwenyewe alifika Uingereza mwaka 1938 akiwa mtoto, miongoni mwa watoto wa Kiyahudi waliookolewa kutoka Ujerumani.)

Mwaka uliofuata, Joseph Murray na wenzake wa Boston walitaka kuhamisha figo kati ya ndugu pacha. Kabla ya upasuaji walipandikiza kwanza ngozi ya mmoja kwa mwenzake, na iliposhika wakajua figo nayo itashika. Aliyeipokea aliishi miaka 8 zaidi.

Daktari kijana Roy Calne aliwahi kumuuliza Medawar kazi ile ya panya itawafaa vipi wagonjwa, akajibiwa kwamba haitawafaa hata kidogo. Calne hakukata tamaa. Mwaka 1960 alionyesha kuwa dawa ya kupunguza nguvu za kinga huwezesha figo ya kigeni kudumu kwa mbwa, na mwaka huohuo Medawar alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Macfarlane Burnet.

Matunda ya kazi hiyo yamefika mbali: Novemba 2017, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Tanzania, ikisaidiwa na wataalamu kutoka India. Ndugu hutoa figo moja, mpokeaji hurudi nyumbani na vidonge vya kumeza kila siku, na kinga iliyopunguzwa humwacha wazi kwa maambukizi. Wale panya 3 hawakuhitaji dawa yoyote. Kwa wazo lilelile la kuuzoesha mwili chembe za mgeni, mwaka 2008 madaktari wa Massachusetts General Hospital waliripoti wagonjwa 5 waliopewa figo pamoja na uboho wa mtoaji yuleyule, na 4 kati yao waliweza kuacha dawa.