Nyumba moja ya Caledon: namna raia walipata mahali pa kushitaki baraza lao

Kwetu mtu akipata shida na komine anawaza njia mbili tu: kutafuta mtu anayemjua mle ndani, ao kunyamaza. Tribinali iko mbali na inakula feza. Lakini kuna inchi zilizofungua njia ya tatu: ofisi moja, nje ya komine, yenye kazi ya kupokea malalamiko ya raia na kuchunguza bila kulipisha mtu. Mwenye ofisi hiyo anaitwa ombudsmani.

Mimi nilisomea agronomia, si sheria. Ila shamba linafundisha mapema kwamba kabla ya mbegu kuna swali lingine: nani anagawa kiwanja, na nani anasikiliza wakati mgawo ulikuwa mubaya? Ndiyo sababu nilifuata historia hii.

Neno lenyewe linatoka Sweden, ambako kazi hiyo iliwekwa katika katiba ya 1809. Jirani yetu Tanzania iliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, kati ya za kwanza Afrika. Lakini mfano yenye inatufaa zaidi iko Ireland ya Kaskazini, kwani kule ugomvi ulianzia kabisa kwenye huduma za baraza za mitaa.

Miaka ya 1960, baraza za miji na za wilaya kule ndizo zilijenga nyumba za leta na kuzigawa. Na katika uchaguzi wa baraza, si kila mtu mzima alipiga kura. Alipiga mwenye nyumba ao mpangaji wake, pamoja na bibi ao bwana yake. Kijana wa miaka 30 aliyebaki kwa wazazi hakuwa na kura, na aliyepanga chumba tu hakuwa nayo pia. Kwa hiyo, kumpa mtu nyumba ilikuwa kumpa kura. Baraza lililoogopa kushindwa lilikuwa na sababu ya kuangalia dini ya mwombaji kabla ya kuangalia shida yake. Mjini Derry, Wakatoliki walikuwa wengi kuliko Waprotestanti, lakini kwa namna kartie zilivyokatwa, mwaka 1967 chama cha Waunionisti kilipata viti 12, na wengine wote 8.

Mwezi wa sita 1968, katika kijiji cha Caledon, baraza la wilaya ya Dungannon lilimpa nyumba msichana Mprotestanti wa miaka 19 asiyeolewa, wakati jamaa za Wakatoliki zenye watoto zilikuwa zinangoja. Mbunge Austin Currie alikuwa amelalamika kwa baraza na hata bungeni, bila kusikilizwa. Tarehe 20, aliingia mwenyewe katika nyumba ile pamoja na wenzake wawili, wakajifungia. Polisi wakawatoa baada ya saa chache. Mwezi wa nane watu wakaandamana. Tarehe 5 mwezi wa kumi, mjini Derry, polisi wakapiga waandamanaji fimbo mbele ya kamera, na dunia yote ikaona.

Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja, Waziri Mkuu Terence O'Neill akatangaza marekebisho matano. Moja lilikuwa kugawa nyumba kwa hesabu ya mahitaji. Lingine lilikuwa ofisi ya kuchunguza malalamiko ya raia. Sheria ya kuweka Kamishna wa Malalamiko ikapita mwaka 1969.

Kazi yake ilikuwa namna gani? Raia alimwandikia moja kwa moja. Kamishna aliangalia kwanza kama jambo liko katika uwezo wake. Likiwa ndani, aliita karatasi za baraza na kuwahoji wakubwa wake; kukataa haikuwezekana, kwani alikuwa na nguvu ya kuita mashahidi kama tribinali. Alijaribu pia kupatanisha pande mbili. Hakuuliza kama uamuzi ulikuwa muzuri kwa siasa. Aliuliza kama ulifanywa vema: bila upendeleo, bila kuchelewesha ovyo, bila kupoteza faili. Akikuta raia aliumizwa na utendaji mubaya, raia aliweza kubeba ripoti ile mbele ya tribinali ya karibu na kudai malipo.

Linganisheni na Uingereza. Kule makamishna wa baraza za mitaa waliwekwa kwa sheria ya 1974, lakini raia alipaswa kwanza kupitisha malalamiko kwa diwani. Maana yake, mtu wa baraza ndiye alishika mlango wa kulishitaki baraza! Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1988 tu. Tena ombudsmani wa kule anapendekeza, hana nguvu ya kulazimisha. Silaha yake kubwa ni kutoa ripoti kwa watu wote.

Sasa tuseme kweli: Kamishna wa Ireland ya Kaskazini hakuzuia vita. Ofisi ilifunguliwa wakati jeshi lilikuwa tayari barabarani, na watu karibu 3,500 walikufa mbele ya mapatano ya 1998. Tena, kesi za ubaguzi wa dini zenye alithibitisha katika miaka ya kwanza zilikuwa chache. Mimi naona sababu hivi: ukifungua faili moja moja, kila moja iko na maelezo yake, ubaguzi unaonekana ukipanga faili mia moja pamoja. Malalamiko ya mtu mmoja hayatoshi kutengeneza mfumo. Kwa nyumba, dawa ilikuja kwa njia ingine: mwaka 1971 kazi ya kuzigawa ilianza kutolewa mikononi mwa baraza na kupewa shirika moja la inchi yote.

Je, ofisi haikufaa? Ilifaa, ila ilichelewa. Kusikiliza kunafaa zaidi wakati mtu angali anaandika barua, kabla hajavunja mlango.

Na sisi je? Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 27, inasema kila Mkongomani ana haki ya kuandikia mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu katika miezi 3, na mtu hawezi kushitakiwa juu ya kuandika. Hii si ombudsmani, lakini iko mlango, na hauhitaji diwani wa kuufungua. Tunaonaka vijana wengi wanalalamika kwa sauti barabarani, na kwenye karatasi hamna kitu. Wadogo zetu, muandike: tarehe, jambo lililotokea, karatasi ya ushahidi, na kile munachotaka komine ifanye. Mubaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa, na muanze kuhesabu miezi 3. Tena musiandike peke yenu. Mukusanye barua za avenyu nzima. Faili moja inapotea kirahisi. Mia moja zinaonyesha mfumo.