Bletchley Park, mahali palipoandikwa kwa awamu

Bletchley Park ni kiunga chenye jumba la matofali na vibanda vya mbao katika jimbo la Buckinghamshire, yapata kilomita 80 kaskazini-magharibi mwa London, ambako katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walifumbua maandishi ya siri ya Ujerumani, Italia na Japani, na ambako leo ni makumbusho yanayotembelewa na umma. Kuiboresha makala ya kamusi elezo ya mtandaoni inayohusu mahali kama hapa ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa, wala si kwa uhaba wa habari, bali kwa sababu habari hizo zilifichwa kwa takriban miaka 30 kisha zikaachiliwa kidogo kidogo, na kila awamu ya kuachiliwa iliacha sentensi zake ambazo awamu iliyofuata ilizikuta zimekwisha kuaminiwa. Kwa hiyo mhariri makini, kabla ya kuongeza neno lolote, huiuliza kila sentensi iliyo mbele yake: jambo hili lilijulikana lini, na kwa njia gani?

Jina lenyewe linahitaji uangalizi, hasa kwa anayeandika kwa Kiswahili. Neno la Kiingereza lililomo katika jina hilo humfikisha msomaji wa Afrika Mashariki Serengeti au Tsavo kabla hajafika Buckinghamshire, ilhali kwa Waingereza neno hilohilo, likiwa katika jina la makazi ya kitajiri, humaanisha viwanja vya miti na nyasi vinavyozunguka nyumba ya mwenye ardhi. Kuliandika jina hilo kuwa Hifadhi ya Bletchley kungempotosha msomaji tangu mstari wa kwanza, hivyo ni heri jina libaki lilivyo na maelezo yafuate.

Eneo hilo lilinunuliwa mwaka 1883 na Herbert Leon, tajiri wa masoko ya fedha aliyekuja kuwa mbunge, ambaye alilipanua jumba kwa mitindo iliyochanganywa bila haya, kiasi kwamba wajuzi wa usanifu wamelicheka hadi leo. Mjane wake alipofariki mwaka 1937, mali hiyo iliangukia mikononi mwa mjenzi aliyetaka kubomoa na kujenga nyumba za kuuza, lakini mwaka 1938 Admirali Hugh Sinclair, mkuu wa idara ya ujasusi wa nje ya Uingereza, alilinunua jumba pamoja na ekari 58 kwa pauni 6,000, na inasimuliwa kwamba alitoa fedha zake mwenyewe baada ya kila wizara kudai kwamba jambo hilo halikuwa katika bajeti yake. Alichokitaka si uzuri wa jumba, bali kituo cha reli kilichokuwa umbali wa kutembea kwa miguu, ambapo njia ya kwenda London na miji ya kaskazini ilikutana na njia iliyounganisha Oxford na Cambridge, vyuo vikuu viwili vilivyotarajiwa kutoa wataalamu wa hisabati na lugha. Idara iliyohamia hapo, iliyoundwa mwaka 1919 kwa ajili ya misimbo, yaani mifumo ya kugeuza ujumbe usomeke na mlengwa peke yake, ilikuwa ndogo wakati huo, lakini kufikia mwanzoni mwa 1945 ilikuwa na watu wapatao 9,000 pamoja na wale wa vituo vyake vya nje.

Watu hao wote waliapishwa kunyamaza, na walinyamaza. Vita vilipokwisha mashine nyingi zilivunjwavunjwa, nyaraka zikafungiwa, na waliofanya kazi humo wakarudi makwao bila kuwaambia hata waume au wake zao walikokuwa. Awamu ya kwanza kubwa ya maneno ilikuja mwaka 1974, wakati F. W. Winterbotham, ofisa wa zamani wa ujasusi wa anga, alipochapisha kitabu kuhusu Ultra, jina yalilopewa matunda ya kazi ya Bletchley. Winterbotham aliandika kwa kumbukumbu, bila kuruhusiwa kuona nyaraka, na kitabu chake ndicho kilichoeneza hadithi kwamba mwezi Novemba 1940 Waziri Mkuu Churchill alijua kuwa mji wa Coventry ungepigwa mabomu, akauacha uteketee ili Wajerumani wasigundue kwamba siri zao zinasomwa. Nyaraka zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha vinginevyo: siku ile Churchill aliamini kwamba shabaha ingekuwa London. Hata hivyo hadithi ya Coventry ni tamu mno kufa upesi, na mhariri wa kamusi elezo hapaswi kuifuta kimyakimya, kwa kuwa mwingine atairudisha kesho kwa nia njema kabisa. Dawa yake ni kueleza ilitoka wapi na ni kitu gani kilichoikanusha.

Pengo jingine la simulizi za awali ni la Wapoland. Mwezi Desemba 1932, takriban miaka saba kabla ya vita, mwanahisabati Marian Rejewski alifaulu kubaini jinsi Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, ilivyounganishwa nyaya zake ndani, na akishirikiana na Jerzy Różycki na Henryk Zygalski aliendelea kusoma ujumbe wa jeshi la Ujerumani. Kisha mwishoni mwa Julai 1939, katika msitu wa Pyry karibu na Warsaw, Wapoland waliwafunulia Waingereza na Wafaransa yote waliyokuwa nayo. Makala inayoanza na Septemba 1939, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing akishuka kwenye treni, imekwisha kuwanyima haki yao watu watatu kabla ya aya ya pili.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi ya kusahihisha inavyofanyika kwa karibu. Tuseme makala ina sentensi hii: Alan Turing alibuni Colossus, kompyuta iliyofumbua Enigma. Sentensi hiyo ni fupi, inasomeka vizuri, na ina makosa matatu. Mashine aliyoibuni Turing, kisha mwenzake Gordon Welchman akaiboresha, iliitwa Bombe. Ilikuwa kabati kubwa la umeme lenye safu za magurudumu yaliyozunguka kwa kelele, ya kwanza ikafungwa Bletchley mwezi Machi 1940, na hiyo ndiyo iliyotumika dhidi ya Enigma. Colossus ni kazi ya mhandisi Tommy Flowers wa kituo cha utafiti cha Posta ya Uingereza kilichokuwa Dollis Hill, London, aliyethubutu kutumia zaidi ya vali 1,500 za aina ya zile zilizokuwa ndani ya redio, wakati wataalamu wengi waliamini kwamba vali nyingi namna hiyo zingeungua moja baada ya nyingine. Nayo haikuhusika na Enigma hata kidogo, bali na mashine ya Lorenz, yenye magurudumu 12, iliyofungwa kwenye teleprinta na kutumiwa na makao makuu ya Hitler kuwasiliana na majenerali wake. Kosa la tatu ni kitenzi: Colossus haikufumbua ujumbe, ila ilisoma utepe wa karatasi wenye matundu kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde ili kutafuta jinsi baadhi ya magurudumu ya Lorenz yalivyokuwa yamepangwa, na kazi iliyobaki ilimalizwa na watu na mashine nyingine.

Ni rahisi kucheka sentensi kama hiyo, lakini chanzo chake kinaeleweka. Enigma ilitangazwa kwanza, Turing akawa jina maarufu, na Colossus ikafuata kwa kuchelewa, maana picha zake zilianza kutolewa katikati ya miaka ya 1970, ilhali ripoti kuu ya kitaalamu kuhusu Lorenz, iliyoandikwa mwaka 1945, haikufunguliwa hadi mwaka 2000. Katikati ya tarehe hizo watu walijaza mapengo kwa kuunganisha majina machache waliyokuwa nayo. Bill Tutte, kijana ambaye kutokana na ujumbe mmoja wa herufi zipatazo 4,000, uliorudiwa kwa uzembe mwezi Agosti 1941 bila kubadilisha mpangilio wa mashine, alikisia umbo zima la Lorenz asiyopata kuiona, alibaki bila kutajwa kwa miongo kadhaa, na hata sasa anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa.

Kamusi elezo huru ya Wikipedia, iliyoanza Januari 2001 na kupata toleo la Kiswahili mwaka 2003, ina kanuni zinazoifanya kazi hii iwe na nidhamu, ingawa hazikosi kasoro zake. Kila dai lenye kutiliwa shaka hudai chanzo kilichochapishwa. Mwandishi haruhusiwi kuleta utafiti wake mwenyewe. Na pale wataalamu wanapotofautiana, makala haichagui mshindi bali hutaja nani alisema nini. Kanuni hiyo ya mwisho inahusu hasa dai linalopendwa kuliko yote, kwamba Bletchley ilifupisha vita kwa miaka miwili. Dai hilo lina mwenyewe: ni kadirio la Harry Hinsley, aliyefanya kazi Bletchley akiwa kijana, akaja kuongoza uandishi wa historia rasmi ya ujasusi wa Uingereza wakati wa vita. Likiandikwa bila jina lake linageuka kuwa kipimo kana kwamba kuna aliyepima. Likiandikwa pamoja na jina lake linakuwa rai ya mtu mwenye mamlaka ya kuitoa, nayo ni heshima ya kutosha. Kanuni ya chanzo kilichochapishwa, kwa upande wake, ilimbeba Winterbotham kwa sababu alichapisha, na ingewaacha nje watu walionyamaza kwa sababu walitii kiapo. Wengi wa hao walikuwa wanawake, ambao walifikia robo tatu ya wafanyakazi wote, wakiendesha mashine za Bombe kwa zamu za saa nane usiku na mchana, wakipanga kadi na kuchapa tafsiri. Kwa muda mrefu makala nyingi ziliwapa sentensi moja ya jumla na wanahisabati wachache zikawapa kurasa.

Jinsi mahali penyewe palivyookolewa ni sura inayoweza kusimuliwa kwa ufupi. Baada ya vita majengo yalitumiwa na Posta, na chuo cha ualimu, na mamlaka ya usafiri wa anga, mpaka mwaka 1991 yalipokuwa karibu kubomolewa kupisha nyumba. Chama cha historia cha mji wa Bletchley kiliwaalika wazee wapatao 400 waliowahi kufanya kazi humo waje kuaga, na kuaga huko kukageuka mwanzo wa kampeni. Amana ya Bletchley Park iliundwa mwaka 1992, wageni wakaanza kupokewa mwaka 1993, na kwa miaka mingi baadaye vibanda viliendelea kuoza chini ya maturubai, hadi ukarabati wa pauni milioni 8 ulipokamilika mwaka 2014. Mwezi Novemba 2023 nchi 28, Kenya na Rwanda zikiwemo, pamoja na Umoja wa Ulaya, zilitia saini hapo tamko juu ya usalama wa akili mnemba, na makala za kamusi elezo hupenda kuvimba kwa habari za namna hiyo. Mstari mmoja unazitosha.

Nafasi inayookolewa kwa kupunguza habari hizo inahitajika kwingine, na kwa msomaji wa Kiswahili kwingine huko kuna jina. Bletchley ilikuwa na tawi lake la Mashariki ya Mbali, lililokuwa Hong Kong tangu mwaka 1935, likahamia Singapore mwaka 1939, kisha Colombo mapema mwaka 1942 wakati Wajapani walipokuwa wakiteremka kuelekea Singapore. Ndege za Japani zilipoishambulia Colombo mwezi Aprili 1942, manowari za Uingereza zilirudi nyuma hadi bandari ya Kilindini, na wafumbuaji wa misimbo wakazifuata Mombasa, wakawekwa katika Shule ya Allidina Visram, jengo linaloitazama bahari, lililofunguliwa mwaka 1923 kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara wa Kihindi ambaye maduka yake yalikuwa yametapakaa kutoka pwani hadi Uganda. Umbali uliwatesa, kwa kuwa mawimbi ya redio za Kijapani yaliwafikia hafifu mno, na sehemu kubwa ya ujumbe waliokuwa wakiunasa Colombo hawakuunasa tena.

Hata hivyo ni katika shule hiyo, kuanzia Septemba 1942, ambapo kosa la mtumaji mmoja wa Kijapani liliwapa John MacInnes na Brian Townend ufunguo wa JN-40, mfumo wa siri wa meli za biashara za Japani. Ulikuwa umedhaniwa kuwa kitabu cha msimbo, yaani orodha ya maneno yaliyopewa tarakimu, kumbe ulikuwa jedwali la kugeuza herufi kuwa tarakimu mbili mbili, kisha tarakimu hizo zikapanguliwa kwa safu. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma ujumbe wote wa nyuma, na ule mpya walikuwa wakiufumbua kadiri ulivyoingia, hata misafara ya meli zilizobeba askari na shehena ikafuatiliwa mahali ilipo; na katika majuma mawili yaliyofuata mifumo mingine miwili ikafunguka.

Tawi hilo lilirejea Colombo mwaka 1943, na simulizi fupi za Bletchley huruka kutoka Colombo ya kwanza hadi Colombo ya pili kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Mhariri wa Mombasa ambaye babu yake aliwahi kusimulia juu ya wanajeshi wa Kiingereza walioichukua shule hawezi, kwa kanuni zilezile, kuyaandika maneno ya babu, lakini JN-40, shule na majina hayo mawili vimekwisha kuchapishwa katika vitabu vya historia ya ujasusi, na vinatosha kuijaza aya moja kati ya Colombo na Colombo, hata katika makala ambayo Wikipedia ya Kiswahili ingeiita mbegu, neno inalolitumia kwa makala fupi iliyoanzishwa na kuachwa ikingoja wa kuikuza.