Doo ya Sigara Ndiyo Ilijenga Tenisi ya Wanawake

Ukiona fainali za WTA za mwisho wa mwaka, ukumbi umejaa, taa kali, mamilioni ya dola mezani, unaweza dhani ilikuwa hivyo tangu zamani. Zii. Hizo pesa zilianza na sigara.

1970, Los Angeles. Bingwa wa wanaume alipangiwa dola 12,500, wa wanawake 1,500. Billie Jean King na wenzake wakakataa upuzi huo. Wachezaji tisa wakakutana Houston, kila mmoja akasaini mkataba wa dola 1 na Gladys Heldman, mwenye jarida la tenisi. Chama cha tenisi cha Marekani kikawasimamisha. Sponsa aliyejitokeza? Virginia Slims, sigara iliyotengenezwa kuuziwa wanawake.

Kufikia 1972 walikuwa na mashindano yao ya kufunga msimu, na 1974 yakaingia ndani ya ukumbi. Evonne Goolagong akambwaga Chris Evert. Halafu yakahamia New York, Madison Square Garden, na Martina Navratilova akapafanya kwake: mataji 8 kwa jumla, mengi akiyashinda hapo. Steffi Graf ana 5. Monica Seles alibeba 3 mfululizo, na la kwanza, 1990, alikuwa na miaka 16 tu! Fainali hiyo dhidi ya Gabriela Sabatini ilienda seti 5, kitu wanawake hawakuwa wamefanya tangu 1901. Si ati hawangeweza. Kwa miongo mingi hawakuruhusiwa hata kujaribu.

Sasa, walikosea kuchukua doo ya sigara? Mi naona hivi: wenye pesa safi walikuwepo, wakaamua kuwapa wanaume. Ukimfungia mtu mlango, usimkemee akipitia dirishani. Lakini kuna wasichana walizoea kuona jina la sigara kando ya mashujaa wao, na mapafu yao hayakusaini mkataba wowote. Jina hilo lilitoka kwa fainali baada ya 1994, na mashindano hayakufa.

Hapa kwetu sigara ya leo ni kamari. Hata mimi hutumiwa ofa, na rent haingoji. Hukataa, juu najua watoi wa form two ndio hunitazama. Lakini kabla umtukane mchezaji mwenye kamari kifuani, uliza nani alikuwa na pesa safi akaikalia. Tuanze na huyo.